Nguruwe wa Mheshimiwa Crutcher

Kesi ya moto wa mahakama ilimgeukia Leander Stroud mezani kwake, Jumamosi asubuhi, mbele ya sahani aliyokwisha kuifuta kwa mkate.

Mkewe, Theodosia, alikuwa ameinamia kikaango. Mafuta ya nyama aliyoikaanga alfajiri yalikuwa yamepoa na kuganda, meupe pe. Akayabonyeza kwa kidole, kidole kisizame, akaguna.

"Ama kweli mwenye nacho ni mwenye nacho," alisema. "Sisi wengine Septemba hii nguruwe wetu wako msituni wanasaka kokwa za mialoni. Ukimchinja mmoja leo, mafuta yake yanatiririka kama maji ya kuoshea vyombo. Mheshimiwa Crutcher yeye anachinja nguruwe wa mahindi. Septemba!"

"Mahindi?"

"Kwani wewe ulikulia wapi, Leander? Mafuta hayagandi hivi bila mahindi. Mwezi mzima bandani, na mahindi makavu. Na nani ana mahindi makavu ya kuchezea sasa hivi? Ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu hayajakauka. Watu wenye akili hungoja baridi kali ya kwanza ndipo wachinje."

Leander alikiangalia kikaango kwa muda mrefu. Alikuwa naibu wa sherifu katika kaunti ya Quarles, milimani Tennessee, na kazi yake ya jana ilikuwa kulinda amani wakati watu saba wakitembea mpaka kati ya shamba la Mheshimiwa Dabney Crutcher na shamba la Hosea Tate, waliokuwa wakigombea chemchemi. Desturi ya kaunti ilikuwa hivyo: hati zikipotea, majirani saba hutembea mpaka kwa miguu, wakiongozwa na mtu aliyeuona zamani. Wakimaliza huapa, na mahakama huandika walichoapa. Anayeomba mpaka utembewe ndiye anayewalisha, na huwalisha nguruwe, kuku hawatoshi. Leander alikuwa amekula sahani mbili pamoja nao, akasifu mpishi, akapewa na kipande cha kwenda nacho nyumbani.

Lakini hati hazikupotea mpaka mahakama ilipoungua, nayo iliungua Jumapili ya juma lililopita. Kabla ya usiku ule vitabu vilikuwa vizima rafuni, na hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kutembea mpaka wowote. Vipi basi Crutcher awe na nguruwe wa karamu tayari, aliyefungiwa mwezi mzima?

"Dosia, mafuta hayo usiyapikie."

"Yana nini?"

"Ni ushahidi."

"Basi ushahidi wako umeshaula nusu," alisema Theodosia, akafunika kikaango.

Jela ya mji wa Sorrel ilikuwa chumba kimoja cha mawe nyuma ya majivu ya mahakama. Hosea Tate alikuwa amekaa kwenye ubao wake, mikono magotini. Alikuwa mtu mweusi wa miaka hamsini, aliyezaliwa mtumwa, na shamba lile alilinunua kwa jasho lake baada ya vita vilivyokomesha utumwa. Leander ndiye aliyemkamata, katikati ya mahindi yake, mkewe akitazama. Jumatatu ilikuwa Siku ya Mahakama, watu wa kaunti nzima wakija mjini kusikiliza kesi na kubadilishana nyumbu. Jaji azungukaye kaunti kwa kaunti angekaa kanisani kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, na angemhukumu kwa kosa la kuichoma mahakama. Tennessee haikuwaweka jela wafungwa weusi. Iliwakodisha kwenye migodi ya makaa ya mawe, na kaunti ya Quarles ilikuwa bado haijamwona hata mmoja akirudi.

"Habari za asubuhi, Hosea."

"Za jela, Bwana Leander. Unaziona."

"Nieleze tena habari za lile debe."

"Hii itakuwa mara ya ngapi?"

"Leo nasikiliza."

Hosea alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Jumamosi nililipeleka dukani kwa Mheshimiwa Crutcher lijazwe mafuta ya taa. Nikakuta watu wengi, nikaliacha pale, mdomo wake nimeuziba kwa kiazi kama anavyofanya kila mtu. Nikasema nitalifuata Jumatatu. Jumatatu ukanifuata wewe, debe langu limeokotwa kwenye majivu."

"Crutcher anasema ulilichukua jioni ileile."

"Yeye ana kiti cha uhakimu katika mahakama ya kaunti. Mimi kiti changu ni hiki." Alipiga ubao kwa kiganja.

"Na kitabu cha mahakama kilisema chemchemi ni ya nani?"

"Yangu. Mpaka uko kwenye mkuyu wa chini, chemchemi iko juu yake, kwangu. Hati yangu mwenyewe niliipeleka pale mahakamani, ikae ingojee kesi yangu na Crutcher. Sasa niambie. Mtu ana kitabu kinachosema mali ni yake, halafu akichome moto? Hata mwehu hafanyi hivyo."

"Hilo mbona hukulisema siku ile?"

"Nililisema. Ulikuwa unanifunga kamba."

Leander alikumbuka kweli kwamba Hosea alikuwa akisema jambo shambani pale, na yeye alikuwa akihangaika na fundo. Aliona haya. Akasukuma bakuli la uji wa mahindi chini ya mlango wa vyuma na kutoka.

Jumamosi Crutcher hushinda dukani, na Leander aliamua kwenda nyumbani kwa mtu huyo akijua hayupo. Hakwenda mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya chumba cha kukaushia nyama, akalikuta banda la nguruwe, tupu, lango lake wazi. Magunzi ya mahindi yalikuwa yamerundikana kwenye kona yanakotupwa. Akayapekua kwa ncha ya buti. Ya juu yalikuwa mekundu na makavu. Akapiga magoti, akachimba kwa mkono. Ya chini yalikuwa meusi, yameoza, yameshikana kwa ukungu.

Mvua ya mwisho kaunti ya Quarles ilinyesha katika juma la mkutano wa injili, Agosti, ikabomoa hema la wahubiri na kuwalowesha watakatifu na wenye dhambi pamoja. Tangu hapo anga lilikuwa kavu, watu wakilalamikia visima. Magunzi yaliyooza yalikuwa yameloa mvua ile. Basi nguruwe yule alikuwa anakula mahindi kabla hema halijaanguka. Leander alitoa gunia dogo mfukoni, akayatia ya juu na ya chini, kila aina kwenye fundo lake.

"Unatafuta nini kwenye mavi ya nguruwe, Bwana Stroud?"

Bi Arminta Crutcher alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, beseni la matofaa kiunoni. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, aliyejulikana kwa kupeleka mikate kwa wagonjwa.

"Namtafuta nguruwe, Bi Arminta."

"Si mlimla jana?"

"Alifungiwa lini?"

Aliketi kwenye gogo, akaanza kumenya tofaa. Ganda likashuka refu bila kukatika.

"Mke hawezi kutoa ushahidi juu ya mumewe mahakamani," alisema. "Ndivyo ilivyo sheria?"

"Ndivyo. Jaji hatakuruhusu hata ufungue mdomo."

"Basi nitakuambia, kwa kuwa haitakusaidia." Hakumwangalia. "Alimfungia kabla ya mkutano wa injili. Nikamuuliza, karamu ya nini? Akasema ya kutembea mpaka. Nikamwambia, mpaka gani, na vitabu vipo? Akaniambia nimenye matofaa yangu."

"Na Jumapili ya moto?"

"Alirudi karibu na mapambazuko, vinyweleo vya mikono vimeungua vyote. Nilimpaka siagi." Kisu kilisimama. "Nilimpaka kwa mkono huu, Bwana Stroud. Nikaoka mkate nikampelekea mke wa Hosea. Nilipofika nikauacha kizingitini na kukimbia kama mwizi. Mwanamke wa umri wangu."

"Hukuwa na la kufanya."

"Usinifariji. Sikukuomba." Ganda lilianguka chini. "Kama unataka mtu anayeweza kuapa, nenda kwa Enos Pettway. Mume wangu alimwita hapa Agosti hiyohiyo. Aliingia kwa miguu yake, akatoka analia."

Leander alipanda nyumbu wake bila kuaga vizuri. Magunzi na mafuta yaliyoganda yalimwonyesha yeye ukweli, lakini wazee kumi na wawili wa baraza la mahakama wangeyacheka. Crutcher angesema alimnenepesha nguruwe kwa kupenda kwake, na nani angembishia? Alihitaji mdomo wa mtu. Na mdomo wa Enos ndio ulioweka mpaka jana.

Njiani aliifikiria jana hiyo. Enos alitangulia, watu nyuma yake. Walipofika kwenye mkuyu, chini ya chemchemi, mzee hakusimama. Alipita, akapanda mpaka kwenye mwaloni mkubwa wa juu, akaweka mkono kwenye gome na kusema ni hapa. Kwa hatua zile chache chemchemi ikahama kwa Hosea ikaenda kwa Crutcher. Majirani wote walikuwa wameinamisha vichwa, kofia zimefunika macho. Leander alidhani ni jua. Sasa alielewa kwamba wote walikuwa wanajua, na yeye, mlinzi wa kiapo, alikuwa akiwaza nyama.

Kwa Enos walikuwa wanapika asali ya mtama. Nyumbu alizunguka akisukuma kinu, maji ya miwa ya mtama yakamwagika sufuriani, na mvuke wake mtamu ulijaa uwanja mzima. Wajukuu wawili wa mzee, Lottie na Zilpah, walikuwa wakiengua povu kwa vijiko vyenye mpini mrefu. Mama yao alikufa kwa homa, baba yao aliangukiwa na mti. Hawakuwa na mtu mwingine.

"Bwana Leander! Karibu," alisema Enos. "Angalia miguu. Mashimo ya kumwagia povu hayo. Mchungaji alitumbukia mwaka jana, akasema neno ambalo halimo kwenye Biblia."

"Nimekuja kwa habari ya jana, Mzee Enos."

Tabasamu la mzee lilififia. "Jana niliapa. Yamekwisha."

"Nihadithie tu. Ulikuwa mkubwa kiasi gani ulipochapwa?"

"Hivi." Alionyesha kifuani kwa Zilpah. "Wazee walitembea mpaka, na kila pembe wakamchapa mtoto mmoja, ili akizeeka asisahau mahali. Mimi nilichapwa pembe ile. Walionichapa wamekufa wote."

"Pembe ipi?"

"Mwaloni. Si uliniona?"

Leander alifungua gunia, akamwaga magunzi kwenye benchi, mekundu upande huu, meusi upande ule.

"Haya yametoka bandani kwa Crutcher. Haya yaliyooza yalinyeshewa na mvua ya mkutano wa injili. Nguruwe tuliyemla jana alikuwa anafugiwa karamu ya mpaka wakati mahakama imesimama na vitabu vyote vimo ndani. Mtu hapiki chakula cha matanga mgonjwa angali hai, Mzee Enos. Ila kama sumu anayo yeye."

Enos aliyaangalia magunzi. Alikisahau kijiko mkononi, asali ikidondokea kiatu chake.

"Lottie," alisema. "Mchukue mwenzako mkalete kuni."

"Kuni zipo, babu."

"Nimesema mkalete kuni!"

Wasichana wakaondoka wakigeuka nyuma. Mzee alingoja mpaka walipopita ua.

"Aliniita Agosti," alisema. "Akaniuliza kama naikumbuka pembe ile. Nikamwambia naikumbuka, mgongo wangu unaikumbuka, ni kwenye mkuyu. Nikamuuliza, mbona unaniuliza mimi na kitabu kipo? Akasema, 'Kitabu ni karatasi, Enos. Na karatasi huungua.'"

"Kwa maneno hayohayo?"

"Hayohayo. Moto ulipowaka nilijua tangu mwali wa kwanza. Nilisimama mlangoni nikauona mwanga juu ya mji, nikajua nani, nikajua kwa nini."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Hosea alikufanya nini?"

"Hosea!" Mzee alijipiga kifuani. "Mwaka jana nilipovunjika mguu Hosea alinivunia mahindi yote. Hakuniomba hata gunzi. Na jana nimepita kwenye mkuyu ule kama sijawahi kuuona. Unafikiri nimelala? Nimekaa kitandani nikiwasikiliza watoto wanavyopumua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu yao. Crutcher aliniuliza Lottie amefikisha umri gani. Kwa upole tu. Akasema mahakama inauliza habari za yatima wasio na mali. Unajua mahakama inavyowafanya."

Leander alijua. Mahakama ya kaunti ilikuwa na uwezo wa kuwachukua yatima na kumkabidhi kila mmoja kwa mwenye nyumba, akamtumikie mpaka awe mtu mzima.

"Alisema Lottie atamchukua yeye, jikoni kwake," Enos aliendelea. "Zilpah kuna mtu ng'ambo ya mlima anatafuta wa kuchunga. Hawajawahi kulala vitanda viwili, Bwana Leander."

Nyumbu aliendelea kuzunguka. Asali ilianza kuchemka juu juu, na hapakuwa na wa kuiengua.

"Jumatatu Hosea atahukumiwa," alisema Leander. "Akienda mgodini hatarudi. Uliyoniambia mimi ukimwambia jaji, jioni hiyohiyo Hosea atalala kwake, na Crutcher atalala pale alipolala Hosea. Bila wewe sina kitu. Nina magunzi."

"Nitasema kwamba jana niliapa uongo."

"Utasema hivyo."

"Watanifunga?"

"Mzee kama wewe, aliyetishwa, akaja mwenyewe? Jaji hatakufunga." Hilo lilikuwa kweli, na Leander alilisema haraka.

"Na watoto?"

"Crutcher atakuwa jela."

"Sikukuuliza Crutcher." Enos alimsogelea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kwa kukesha. "Mimi si msomi, lakini si mjinga. Nakuuliza wewe, unayezijua amri za mahakama. Nikishasema, kuna mtu atakuja kunichukulia watoto?"

Leander alizijua amri za mahakama. Masika ya mwaka ule ule alikuwa amesimama mlangoni pa mahakama na kuisoma moja kwa sauti: mtu aliyeapa uongo hafai kuwa mlezi wa yatima, na yatima wake watachukuliwa. Aliisoma, kisha akapelekwa yeye mwenyewe kuitekeleza. Alimng'oa mtoto wa kiume kwenye nguzo ya baraza kidole kimoja kimoja, na nyanya yake akamtemea mate. Crutcher angekuwa jela ama asiwe, amri ilikuwa amri. Enos akikiri kuokoa shamba la Hosea, siku hiyohiyo angekuwa amewatoa wajukuu wake kwa mdomo wake. Crutcher alimtisha kwa jambo ambalo pengine lisingetokea kamwe. Leander alikuwa anamwomba alifanye litokee.

Angeweza kumwambia. Mzee angebaki kimya, na kimya hicho kingemshusha Hosea mgodini. Leander alimfikiria Hosea mahindini akisema neno, na yeye akihangaika na fundo.

"Hapana," alisema. "Hakuna atakayekuja."

"Niapie. Kama mlivyoniapisha mimi jana."

Leander alivua kofia, akainua mkono wa kulia.

"Naapa mbele ya Mungu," alisema, "hakuna mtu atakayekuja kuwachukua wajukuu wako."

Uso wa Enos ulilegea. Alimshika Leander mabega mawili, kisha akajifuta pua kwa kiganja. "Nitakuja," alisema. "Nitasema mkuyu, nitasema karatasi huungua, nitasema yote. Mungu akubariki, mwanangu. Umenitoa kaburini." Kisha akapaaza sauti kwa furaha: "Lottie! Zilpah! Njooni, asali inaungua!"

Leander alikuwa amekwisha kupanda nyumbu wake wakati wasichana walipomfikia mbio. Lottie alikuwa na mtungi mdogo, umefunikwa kitambaa, bado una joto.

"Anko Leander, babu anasema hii ya Bi Dosia. Ni ya kwanza ya mwaka huu. Tulikuwa tunaiweka ya Krismasi, lakini kasema uichukue."

Aliipokea. Hakuwa na namna ya kuikataa.

"Na kasema Jumatatu tutakwenda mjini wote watatu!" Zilpah alikuwa anaruka kwa mguu mmoja. "Sijawahi kuiona Siku ya Mahakama. Tutamsikia babu akiongea na jaji. Tunaruhusiwa kuingia, Anko?"

"Mnaruhusiwa."

"Hata mbele?"

Leander alikusanya hatamu. Mzee alikuwa amesimama kando ya sufuria, akiwapungia mkono, akicheka.

"Njooni mapema," alisema, "mpate pa kukaa."